Chaja Haina Habari ya Taa: Hotuba kwa Mafundi na Madereva wa Vigari vya Gofu

Mwenyekiti wa kikao, mafundi wakuu mliotutangulia katika kazi hii, madereva, walinzi wa mabanda ya kuchajia na vijana mlio katika mafunzo: Asalaam alaykum, na habari za asubuhi kwenu nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo moja ambalo linaonekana dogo, na kwa kuwa linaonekana dogo limekuwa likiua betri katika mabanda yetu mwaka hata mwaka. Jambo lenyewe ni hili: kigari cha gofu, au bagi kama wengi tunavyokiita hotelini, kinapokuwa kimechomekwa kwenye chaja, je, inafaa taa zake, redio yake, feni yake na friji yake ndogo ya vinywaji viendelee kufanya kazi? Swali hili nimeulizwa na madereva wengi, na mara nyingi nimemsikia fundi akilijibu kwa neno moja tu, ndiyo au hapana. Majibu yote mawili yanaweza kuwa sahihi, na yote mawili yanaweza kuharibu betri, kwa sababu ukweli wake unategemea zaidi namna chaja inavyotambua kwamba kazi yake imekwisha, na mahali nyaya za vifaa hivyo zilipofungwa.

Nianze na kosa nililolifanya mimi mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha haya.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa fundi katika hoteli moja ya ufukweni, niliagizwa niweke taa na muziki kwenye vigari vinne vilivyokuwa vikiwachukua wageni usiku kutoka mapokezi hadi vyumba vya pwani. Vigari vile vilikuwa vya volti 36, kila kimoja na betri sita za volti 6 zilizofungwa kwa mfululizo chini ya kiti. Taa na redio zilikuwa za volti 12. Nikafanya hesabu ambayo fundi yeyote wa magari angeifanya: betri mbili za volti 6 ni volti 12, basi nikavuta waya wa chanya na waya wa hasi kutoka kwenye betri mbili zilizokuwa karibu na usukani, nikaweka fyuzi, nikafunga kiti. Kila kitu kiliwaka. Wageni walifurahi, na meneja akanishukuru mbele ya watu. Jioni madereva waliporudi bandani walichomeka chaja na kuiacha redio ikiimba huku wakiosha vigari, na hakuna aliyeona ubaya, mimi nikiwa wa kwanza.

Baada ya miezi minane hivi, kigari cha kwanza kilishindwa kupanda kile kilima kidogo cha kutoka ufukweni. Tulipoinua kiti tulikuta betri mbili zimelala kabisa, kila moja ikisoma volti 5.6, na betri nne zilizobaki maji yake yamekauka hadi bamba za risasi zinaonekana. Tulinunua betri sita mpya, tukazifunga, na nyaya zangu nikazirudisha palepale zilipokuwa. Seti ya pili ikafa vilevile. Nilimlaumu muuzaji wa betri, nikalaumu joto, nikamlaumu hata dereva mmoja ambaye leo ningependa kumwomba radhi. Siku niliyochukua haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi kinachoonyesha betri imeshiba kiasi gani, nikapima kila seli, yaani kila chumba kimoja cha ndani ya betri, na kuandika kipimo chake kwenye karatasi kwa mpangilio wa betri zilivyokaa, ndipo nilipoona kilichokuwa mbele ya macho yangu muda wote: betri nne zilisoma 1.265 au karibu yake, na mbili zilisoma 1.170. Mbili zile ndizo zilizokuwa na nyaya zangu.

Sababu yake si ngumu. Betri zikifungwa kwa mfululizo, mkondo unaopita kwenye ya kwanza ndio uleule unaopita kwenye ya sita, na chaja haina njia ya kuzibagua. Ni sawa na kuwapakulia watu sita sahani zinazolingana, ilhali wawili kati yao wameshinda na njaa. Sahani moja inawashibisha wanne, na wawili bado wana njaa. Ukiongeza sahani ya pili ili wale wawili washibe, wanne unawalazimisha kula wasichokihitaji, na katika betri ya asidi chakula cha ziada kinageuka kuwa kazi ya kuyavunja maji yawe gesi. Ndiyo maana nne zilikauka na mbili zikalala kwa wakati mmoja, kwa kosa moja. Tuseme taa na redio zilikuwa zikila ampea 5 kwa saa nne kila usiku: hizo ni ampea-saa 20 zilizotoka kwenye betri mbili peke yake. Kisha kigari kikichomekwa na redio ikiachwa inaimba, kati ya ampea 15 zinazotoka kwenye chaja, betri nne zinapata 15 kamili na zile mbili zinapata 10 tu, kwa kuwa 5 zinaishia redioni. Pengo linapanuka katika saa zilezile tunazodhani linazibwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba, kabla hatujazungumza lolote juu ya kuchaji, ni kwamba msitoe volti 12 katikati ya seti. Tumieni konvata inayochukua volti zote 36 au 48 kutoka ncha mbili za seti nzima na kuzishusha hadi 12, ili mzigo uwaangukie wote sawasawa. Na wale mliotoka kwenye gereji za magari, tafadhali msiitumie chesisi kama waya wa hasi. Katika gari ndogo hasi ya betri imefungwa kwenye bodi, lakini katika kigari cha gofu cha umeme betri za mwendo hazikuunganishwa na chesisi, na kuna sababu: hitilafu moja ya waya ikigusa chuma isilete hatari papo hapo kwa mtu au kwa mzunguko wa umeme. Ukiifunga hasi kwenye chesisi umeuondoa ulinzi huo, tena wakati ambao kigari kimeunganishwa na umeme wa ukutani.

Sasa tuchukulie konvata ipo, nyaya ni safi, na mzigo umeangukia betri zote. Je, tunaweza kuchaji huku taa zinawaka? Hapa ndipo wengi husema: mbona gari linatembea usiku kucha likiwa na taa, redio na kiyoyozi, na betri yake inachajiwa wakati huohuo? Ni swali la maana, na anayeliuliza anastahili jibu kamili.

Katika gari, jenereta na rigaleta yake, yaani kidhibiti chake cha volti, haina haja ya kuamua lini kazi imekwisha. Inashikilia volti karibu 14 muda wote injini inapozunguka. Taa zikihitaji ampea 10, inatoa 10, na betri ikihitaji 3, inaongeza 3. Betri ya gari yenyewe huwashia injini tu, hutoa nguvu kwa sekunde chache na kurudishiwa mara moja. Betri ya kigari cha gofu imeundwa kwa maisha mengine kabisa. Vigari hivi vimekua katika viwanja vya gofu vya Marekani, na mji wa Augusta katika jimbo la Georgia, ambako kampuni ya E-Z-GO ilianzishwa mwaka 1954, umekuwa kitovu kimojawapo cha utengenezaji wake. Kazi iliyokusudiwa ilikuwa kuwabeba wachezaji wawili na mifuko yao mchana, kisha kigari kilale kwenye chaja usiku kucha, kimya, bila kitu kingine chochote kinachonyonya umeme. Chaja zake zilibuniwa kwa usiku huo wa kimya. Friji ya vinywaji na vipaza sauti tumeviongeza sisi.

Chaja ya namna hii hufanya kazi kwa awamu. Mwanzoni inasukuma mkondo mkubwa, tuseme ampea 15, na volti za seti zinapanda polepole. Zikifika kwenye kikomo, ambacho kwa seti ya volti 48 yenye seli 24 huwa kati ya volti 56 na 59 kwa chaja nyingi, chaja inashikilia volti hapo na kuuacha mkondo upungue wenyewe kadiri betri zinavyoshiba. Mkondo ukipungua hadi kiasi fulani kidogo, chaja inahitimisha kwamba betri zimejaa, na inazima au inashuka kwenye volti za kutunza. Kwa maneno mengine, chaja inaijua shibe ya betri kwa kuangalia jinsi zinavyopunguza kula. Haina jicho lingine.

Tuweke hesabu mezani. Chukueni kigari chenye betri sita za volti 8, kila moja ya ampea-saa 170. Taa zake, redio na friji ndogo vikiwa pamoja vinatumia wati 108 upande wa volti 12, na konvata yenye ufanisi wa asilimia 90 itavuta wati 120 kutoka kwenye seti. Katika volti 58 za kuchaji, hizo ni kama ampea 2. Mwanzoni mwa kuchaji, ampea 2 kati ya 15 si kitu cha kukosesha usingizi: betri zinapata 13, na kazi inachelewa kidogo tu. Huyu anayesema «nimewasha taa saa nzima huku nachaji na sikuona tatizo» anasema kweli, kwa sababu alikuwa akiangalia saa ya kwanza. Lakini njooni saa ya saba. Tuseme chaja imewekwa izime mkondo ukishuka hadi ampea 3. Betri zimeshiba na sasa zinachukua 3, lakini friji na taa zinachukua 2, na chaja inaona 5. Inaendelea kusukuma. Ili ione 3, betri lazima zishuke hadi 1, na betri zilizozeeka, zikiwa na joto la banda la pwani mwezi wa Februari, huenda zisifike kwenye 1 hata kukipambazuka. Basi zinachemka usiku kucha, zinapoteza maji, bamba za chanya zinaliwa, na asubuhi fundi anakuta kigari kimejaa na anadhani mambo ni mazuri. Mzigo uleule uliokuwa mdogo mwanzoni umekuwa mkubwa mwishoni, ingawa haujaongezeka hata wati moja.

Ningependa mlikumbuke hilo kuliko jingine lolote nitakalolisema leo.

Zipo chaja zisizoangalia mkondo bali zinaangalia volti, na zinazima pale volti zinapoacha kupanda. Hizo zina udhaifu wa upande wa pili. Friji haivuti umeme kwa utulivu: kompresa inawaka, inazima, inawaka tena, na kila inapowaka inazivuta volti chini kidogo. Chaja inayosubiri volti zitulie inaweza kudhani zimetulia wakati zimevutwa tu, ikazima mapema na kuziacha betri na njaa, na betri ya asidi inayoachwa na njaa siku baada ya siku hujenga salfeti ngumu, yaani ukoko wa chumvi ya risasi, kwenye bamba zake. Chaja zinazozima kwa saa ya kuhesabu nazo hupunja vilevile, maana muda uliopangiwa betri umegawiwa na redio.

Kisha wapo wale wenye vigari vya Club Car vya volti 48 vya kizazi kile chenye kompyuta ndogo ya kusimamia kuchaji iliyofungwa ndani ya kigari. Mpango wake ni wa busara sana. Waya mkuu wa hasi wa betri unapita katikati ya kompyuta hiyo, nayo inahesabu ampea-saa zilizotoka wakati wa mwendo, na usiku inaisimamia chaja irudishe kilichotoka pamoja na ziada kidogo. Fundi anayekuja na konvata yake akaufunga waya wa hasi moja kwa moja kwenye kichwa cha betri, amechora njia ya pembeni ambayo mhesabu haioni. Taa zikila ampea 2 kwa saa tano, ampea-saa 10 zimetoka bila kuandikwa daftarini, na zisizoandikwa hazirudishwi ipasavyo. Katika vigari hivyo hasi ya vifaa vyote inapaswa kufungwa upande wa pili wa kompyuta, kule iliko hasi ya kontrola, yaani kidhibiti, ya mota, ili kila kinachotoka kipite mlangoni. Nimeona seti nzima ya betri ikilaumiwa kwa kosa la waya mmoja uliofungwa sentimita chache kutoka mahali pake.

Hadi hapa nimesema habari za betri. Vifaa navyo vina madhara yake. Kigari cha volti 48 kinapokuwa mwishoni mwa kuchaji, au kinapopewa ile chaji ya kusawazisha seli, volti zake zinaweza kufika 62 na zaidi. Konvata ambayo imeandikwa inapokea hadi volti 60 itaungua, na itaungua usiku, hakuna mtu bandani. Someni kibandiko chake kabla ya kuinunua: kwa volti 48 tafuteni inayohimili angalau 72. Na ambao bado mna redio zilizofungwa kwenye betri mbili za volti 6 kama nilivyofanya mimi, jueni kwamba hizo «volti 12» zinapanda hadi 15.5 wakati wa kuchaji, na redio nyingi za gari hazikutengenezwa kuvumilia hivyo kwa saa nyingi.

Sasa naomba msikilize kwa makini, hasa walinzi na madereva, maana hili linahusu macho na ngozi zetu. Betri ya asidi inapokaribia kujaa inatoa gesi ya haidrojeni. Kila ampea-saa moja ya ziada inayopita kwenye seli moja inatoa takriban lita 0.42 za gesi hiyo. Seli 24 zikipokea ampea 3 za ziada kwa saa moja, ambayo ndiyo hali ya chaja iliyodanganywa na friji, zinatoa lita 30. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kuwaka kwa cheche, na ni nyepesi, inapanda na kujikusanya chini ya kiti na juu darini ikikosa pa kutokea. Cheche inatoka wapi? Inatoka kwenye swichi ya taa, kwenye rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, iliyofichwa chini ya kiti karibu na betri, kwenye waya wa redio uliolegea, na kwenye plagi ya chaja inayochomolewa huku mkondo unapita. Katika kigari kilichozimwa kabisa, ukiacha plagi ya chaja, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofanya kazi. Kila kifaa tunachokiacha kimewashwa wakati wa kuchaji kinaongeza gesi na kinaongeza mahali pa cheche. Kwa hiyo kiti kiinuliwe wakati wa kuchaji, banda liwe na matundu ya juu na ya chini, rilei na fyuzi za vifaa zitolewe kwenye chumba cha betri, na chaja izimwe ukutani kwanza kabla plagi ya kigari haijachomolewa. Aliyewahi kuona betri ikipasuka hahitaji kuambiwa mara mbili avae miwani ya kukinga macho.

Tufanye nini, basi? Jibu langu kwa hoteli nyingi ni la gharama ndogo: wekeni swichi kuu moja ya vifaa vyote, yenye rangi inayoonekana, na iwe ni sehemu ya kazi ya dereva kuizima kabla ya kuchomeka chaja, kama anavyovuta breki ya kuegesha. Mtaniambia watu husahau, na ni kweli, watu huchoka saa sita usiku. Ndiyo maana napendelea rilei inayokata vifaa yenyewe plagi ya chaja inapoingia. Vigari vingi tayari vina kinga inayozuia mota isiendeshe kigari kikiwa kimechomekwa, lakini kinga hiyo haigusi taa wala redio tulizoziongeza sisi, na wengi wanadhani inazigusa. Fundi anayeweza kufunga taa za breki anaweza kufunga rilei hiyo ndani ya nusu siku.

Lakini najua yapo mahitaji ya haki. Friji ya maji ya wageni haiwezi kuzimwa kwa muda wa saa nane kila usiku katika joto letu, na kigari cha zahanati ya hoteli lazima dawa zake zibaki baridi. Kwa vigari hivyo msiulazimishe umeme wa friji upite kwenye betri. Banda lina umeme wa ukutani, kwa kuwa chaja imechomekwa humo. Wekeni kifaa kidogo cha kugeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, na swichi ya kubadilishia inayoiondoa friji kwenye konvata na kuihamishia kwenye kifaa hicho kigari kinapoegeshwa. Friji inakula kutoka ukutani, chaja inashughulika na betri peke yake, na kila mmoja anaona ukweli wake. Kama hilo haliwezekani, njia ya pili ni betri ndogo ya pekee kwa ajili ya vifaa, yenye chaja yake, isiyogusana na betri za mwendo. Inaongeza uzito na kitu kimoja zaidi cha kutunza, kwa hiyo naitaja kama njia ya pili, sio ya kwanza.

Juu ya betri za lithiamu nitasema kwa ufupi. Nyingi zinazoingia kwenye vigari hivi ni zile za fosfati ya chuma, seli 16, zinazochajiwa hadi karibu volti 58, na ndani yake mna kompyuta ya ulinzi inayopima kila kundi la seli. Zinavumilia zaidi hali ya kuchaji huku vifaa vikiwa vinafanya kazi, wala hazichemki na kukauka. Hata hivyo kompyuta hiyo ikiona hatari huikata betri ghafla, na kifaa kilichokuwa kinapata umeme kinabaki kimeshikiliwa na chaja peke yake, ambayo volti zake zinaweza kuruka kwa muda mfupi. Konvata ya bei nafuu haipendi mruko huo. Paneli za jua za paani nazo zinafuata kanuni zilezile nilizozieleza, kwa kuwa kontrola ya jua ni chaja kama chaja nyingine.

Kuna neno kuhusu joto ambalo sitaki kulipita. Volti za kuchaji zinazoandikwa na watengenezaji huwa zimepimwa kwa nyuzi 25 za Selsiasi. Kwa kila nyuzi moja juu ya hapo, kila seli inahitaji milivolti 5 pungufu. Betri iliyotoka kazini ikiwa na nyuzi 35 inahitaji seti nzima ya volti 48 ipunguziwe volti 1.2. Chaja isiyo na kipima joto haijui hilo, kwa hiyo katika pwani yetu tayari inazichaji betri kupita kiasi hata kabla hatujaiongezea kosa la friji. Kiacheni kigari kipoe kidogo kabla ya kukichomeka, na maji ya betri, yale safi ya mvuke yasiyo na chumvi, yaongezwe baada ya kuchaji, isipokuwa bamba ziwe wazi, ambapo mtazifunika kidogo tu kwanza.

Nimalizie na swali nililoletewa jana jioni na mlinzi mmoja, ambaye alilileta kwa woga. Alisema kwamba fundi wa kwao amempiga marufuku kuchaji simu yake usiku kwenye tundu la kigari, na kwamba betri zilipokufa mwezi uliopita yeye ndiye aliyeambiwa amezimaliza. Mzee wangu, simu moja inavuta wati 10 hivi, yaani karibu ampea 0.2 kutoka kwenye seti ya volti 48, kwa saa mbili. Simu yako haikuua betri yoyote. Anayetaka kujua kilichoziua aanze na konvata yenyewe, ambayo hata bila kifaa chochote inaweza kunyonya umeme mchana na usiku: ampea 0.05 tu kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2, na kigari kikikaa mwezi mzima msimu wa mvua bila kuchomekwa, zimekwenda 36. Kisha afuate waya wa hasi wa redio aone umefungwa wapi. Kisha apime kila seli na kuandika, kama nilivyochelewa mimi kufanya.

Tumeletewa kigari kimoja hapo nje chenye betri sita za volti 8, taa, redio na friji, na kimechajiwa tangu usiku wa manane vifaa vyote vikiwa vimewashwa. Haidromita ziko mbili na mita yenye taya inayokumbatia waya iko moja. Naomba vijana wagawane wawili wawili, chaja izimwe ukutani kwanza, miwani ivaliwe, kisha tuinue kiti tuone mkondo ulikuwa unaishia wapi.